Drafti ya Babu Iliyogoma Kumalizika

Leo nimejiaibisha kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa na akili timamu.

Babu yangu mzaa mama amekaa kwangu hapa Mpanda wiki tatu, mguu ukiwa kwenye plasta. Leo saa nane mchana alikuwa na basi la kurudi kijijini kwake Mamba. Kule kijiwe cha drafti kiko mbali na nyumbani, na kwa magongo hafiki. Babu akikosa drafti mwezi mzima atagombana hata na kuku. Nikaamua aondoke na laptop yangu ya zamani, nikishaiwekea mchezo wa drafti.

Nilianza kuuweka asubuhi, baada ya chai. Mstari wa kijani ukatembea vizuri, ukajaa. Kisha kimya. Dirisha halifungiki, mchezo haufunguki. Nabonyeza Enter, wapi.

Nikafuta, nikaanza upya. Ukajaa, ukagoma. Nikazima kinga ya virusi. Nikafuta picha kuongeza nafasi (hata za kipaimara, Mungu anisamehe). Nikapakua faili jipya, bando la wiki likaishia hapo. Ukajaa, ukagoma. (Kompyuta nimejifundisha mwenyewe kwa video, kwa hiyo kitu kikigoma huwa nahisi kimenigundua.)

"Mke wangu," Babu akaniita, maana ndivyo anavyonitania tangu nizaliwe, "kama haitaki iache. Nitacheza na bibi yako."

"Bibi hajui drafti."

"Ndiyo maana nitashinda."

Alikuwa anatabasamu. Lakini begi lake lilikuwa wazi, na katikati ya mashati ameacha nafasi ya laptop. Niliiona ile nafasi, nikarudi kubonyeza.

Saa sita nikampigia Deo, fundi wa kompyuta kule Kashaulili. Akaacha wateja, akaja na bodaboda. Nikampa daftari nililoandika kila nilichojaribu, hatua kumi na nne, zimepigiwa mstari. Alisoma zote kwa heshima.

Babu akajikokota na magongo kuja kutazama. "Na huku chini mmeifunga nini?"

Hapa niungame. Wiki iliyopita kioo cha laptop kilipata mstari mweupe chini kabisa. Mstari kama ule unaninyima raha. Nikaufunika kwa tepu nyeusi, upana wa vidole viwili, nimekata kwa rula.

Deo akaibandua taratibu. Chini yake kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka tiki, na pembeni yake kitufe cha kumaliza. Vyote viwili vilikuwa vinanisubiri tangu asubuhi.

Akaweka tiki. Akabofya. Drafti ikafunguka.

Deo akaanza kufunga mkoba wake polepole, kama mtu aliyeko msibani. Mimi nikawa natazama sakafu.

"Fundi," Babu akasema, "lakini umeona alivyoikata? Imenyooka."

"Imenyooka kweli, mzee."

Nikamwekea Babu kiwango cha chini kabisa, bila kumwambia. Akashinda haraka, akanigeukia. "Huyu aliye humu ndani anaumwa?" Nikapandisha. Akaliwa kete nne mfululizo. Akavua kofia, akasogeza kiti. "Haya. Sasa huyu ni mtu."

Nimetoka kumpandisha basi sasa hivi, laptop ameipakata. Nyie naomba msicheke. Babu amecheka kwa niaba yenu mpaka stendi.