Mshauri wa Ghala Lisilo na Mlango

Mafuta, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakamatiki, alikuwa amenyolewa nusu kichwa aliposikia mteja wa kiti cha pili akilalamika kwenye simu. Mteja huyo alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha magodoro. Alitaka ghala la data, yaani mfumo wa kutunza taarifa zote za kiwanda kwenye kompyuta, na wauzaji watatu wa mifumo ya kompyuta walikuwa wakimvuta kila mmoja kwake.

"Mkuu," Mafuta alidakia, povu likimchuruzika shingoni, "unahitaji mshauri asiye na upande."

Upande alikuwa nao: wowote wenye kitu. Kesho yake akatinga kiwandani na swali zito: "Ghala lenu litakuwa na milango mingapi?"

Maskini, alidhani ni jengo. Mkurugenzi akadhani ni fumbo la kitaalamu, akamwona bahari ya elimu, akampa kazi papo hapo.

Akawazungukia wauzaji. Kwa wa kwanza alijiita Daktari, akatoka na suti. Kwa wa pili alikuwa Profesa, akapata viatu vya ngozi. Kwa wa tatu, Mhandisi: simu mpya, akaitia laini yake ile ile aliyowaachia wote. Kila mmoja alinong'onezwa, "Mshindi ni wewe, ila funga domo."

Kikwazo kilikuwa karani wa takwimu, mama mmoja mpole.

"Baba, mimi sina elimu yako," alisema. "Naomba tu tuipime hiyo mifumo. Kila muuzaji alete orodha ya matumizi ya fedha ya kampuni yake, yenye majina na namba za simu za waliopokea, tuzimwage zote katika kila mfumo, tuulize swali moja."

"Bila shaka, mama," Mafuta alijibu, asijue amekubali nini.

Siku ilipofika, wote wakiwa ukumbini, karani akaandika swali: nani kapokea zawadi kwa kampuni zote tatu?

Mfumo wa kwanza ukajibu kufumba na kufumbua: hakuna. Wa pili: hakuna. Mafuta akashusha pumzi. Wa tatu ukasuasua, kompyuta ikavuma kama nyuki, kisha ukaandika: Daktari, Profesa na Mhandisi wana namba moja ya simu.

Karani akaipiga. Muziki ukalia mfukoni mwa Mafuta.

Wauzaji hawakungoja mjadala. Mmoja alimvua suti, mwingine viatu, wa tatu akaondoka na simu ikiwa bado inaimba.

"Mnaona sasa?" alisema Mafuta kwa sauti ya kisomi, akijisitiri kwa godoro lililoegemezwa ukutani. "Mfumo bora nimewapatia. Malipo yangu je?"

Mkurugenzi akamgeukia karani.

"Alipwe," alisema mama yule. "Hilo godoro aende nalo. Wateja wawili wameshalinunua wakalirudisha."