Phinées wa Tournevis na Certificat Iliyokufa

Nyamazeni! Enyi wa Butembo mnaouza vitenge, enyi wa Beni mnaobishana juu ya bei ya kahawa, nanyi wa Musienene mlioshuka na viazi vyenu, tueni mizigo mkae chini. Anayetafuna, ameze. Mwenye mtoto anayelia, ampe ziwa. Leo sisimulii vita vya majenerali, maana kila jenerali anaye mtu wake wa kumsifu redioni. Nasimulia vita vya mtu mmoja na karatasi, na anayeona hilo ni jambo dogo hajawahi kusimama mbele ya dirisha la bureau.

Ee Nyamuhanga, uliyeumba Rwenzori na theluji yake kabla hujaruhusu makaratasi kuwako, nipe pumzi ndefu, nipe na ulimi usiokwama, niyataje mambo haya kwa heshima ambayo hayastahili.

Katika mwaka wa elfu mbili na moja, wakati mouvement za waasi zilipokuwa zikizaliana kwetu kama sungura, asubuhi moja, jioni mbili, na kila moja na rais wake na muhuri wake uitwao cachet, alikuwako hapa Butembo mtu aitwaye Phinées. Tournevis, ile bisibisi ya fundi, ilikaa mfukoni mwake kama upanga wa mfalme ukaavyo alani, ndiyo sababu wakamwita Phinées wa Tournevis, Mfufua-Machine, Mtesi wa Mende. Alikuwa mtunza ordinateur, yaani kompyuta, wa bureau ya afya, ambamo majina ya watoto waliochanjwa, tangu Mabalako hata Mutwanga, yaliingizwa katika machine moja, moja tu, yenye umri wa kustaafu. Panya waliwahi kuzaa ndani yake, na groupe iliyoipa umeme ilikohoa kuliko mzee wa kifua. Hata hivyo kila asubuhi Phinées aliiamsha, nayo ikaamka.

Ukutani nyuma yake ilining'inia certificat, ndani ya kioo. Aliipata Kampala katika ile amani fupi kabla ya vita hii, kutoka kwa Kampuni ya ng'ambo iliyotunga programu ya machine ile. Jina la Kampuni silitaji, nisije nikaombwa nilipie kulitaja.

Basi siku moja ya Novemba, amri ikashuka kutoka ng'ambo. Kampuni, katika hekima yake isiyo na mwisho, ilikuwa imetunga programu mpya, na kwa sababu hiyo ilitangaza kwamba certificat zote za programu ya zamani zitakufa siku ya mwisho ya Desemba. Anayetaka kuendelea kuitwa fundi, afanye mtihani upya. Programu hiyo mpya hapakuwa na mtu Butembo aliyeiona kwa macho, na kuiweka katika machine yetu ingekuwa kumtwika mbuzi gunia la simenti. Lakini Kampuni haikuuliza habari za mbuzi wetu.

Directrice wa bureau alikuwa Maman Ngalula, mwanamke wa Kasai, aliyetumwa kwetu na serikali kabla mstari wa vita haujamfungia njia ya kurudi. Alimwita Phinées, barua ya wafadhili wa bureau mkononi, akavua miwani, akanena.

"Papa Phinées, bafadhili bameandika. Mutu wa machine lazima akuwe na certificat yenye iko muzima. Kama hapana, mwezi wa kwanza banatuma mutu wao wa Kampala. Jina yake iko hapa tayari."

Phinées akasimama wima, akaweka mkono juu ya tournevis, akajibu kwa sauti iliyotikisa kalenda ukutani. "Maman Directrice! Hii machine, ni mimi nilifungua, ni mimi nilifunga. Panya, ni mimi nilifukuza. Certificat haijatengenezaka hii machine hata siku moja!"

"Minajua. Mais bao, hapana bajue. Bao banajua papier."

Na hapo, wasikilizaji, mjue kilichokuwa mezani. Nyumba aliyokaa Phinées ilikuwa ya bureau. Ndani yake walilala watu tisa: yeye, mke wake Jokébed, watoto wao wanne, na mama mkwe aliyekimbia risasi za Mabalako mwezi wa tano pamoja na wajukuu wawili na sufuria moja kichwani. Kazi ikienda, nyumba inaenda, na mama mkwe anabeba tena sufuria yake.

Jokébed aliposikia habari hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe, akauliza, "Donc unaenda kufanya examen juu ya kitu chenye hujaona?"

"Niko na kitabu."

Ni kweli, alikuwa na kitabu, photocopie ya photocopie, isiyo na sura ya tisa kwa sababu wino wa mtu wa photocopie uliishia hapo.

"Kitabu haina mwili yote," akasema Jokébed.

"Na Mungu, wee mama, ulishamuonaka? Mbona unamuamini?"

Jokébed akacheka mpaka maharagwe yakamwagika, kisha akasema, "Enda basi. Mais usirudi na mikono mitupu, ule mama yangu amechoka kutembea."

Majuma matatu shujaa alisoma. Alisoma akila, alisoma akinyolewa, alisoma kanisani ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu amsamehe. Kisha barua ya kuingilia mtihani ikafika ndani ya machine kwa phonie, ile redio ya bureau, naye akaichapa kwa imprimante ya bureau, ile ya sindano, inayopiga kelele kama cherehani yenye hasira. Juu yake palikuwa na namba ndefu, na chini, kwa Kiingereza, maneno haya: mtu asiandike chochote juu ya karatasi hii.

Phinées aliyasoma maneno hayo, akayaelewa, akayaheshimu. Wala hakuandika kitu. Lakini, ndugu zangu, nani kati yenu angesafiri katika mwaka ule na karatasi isiyo na cachet? Karatasi isiyo na cachet ni ya kufungia karanga! Na cachet si maandishi, cachet ni baraka. Hivyo alianza na Maman Ngalula, akampigia cachet ya bureau. Chef wa quartier, mkubwa wa mtaa, akampigia yake. Pasta Malachie akaona si vizuri kanisa likose, akaigonga ya parokia katikati, kwa maombi. Mouvement ya Butembo ikapiga yake. Alipofika Beni, mouvement ya Beni ikasema haiitambui ile ya Butembo, ikapiga ya kwake juu ya ile nyingine, kwa nguvu, kana kwamba inateka kilima.

Kutoka Beni alipanda nyuma ya pickup iliyojaa magunia, akapita barrière za askari, hesabu yake siiwezi. Katika njiapanda ya kwenda Mutwanga alisimama sergent mmoja aitwaye Hénock, mtoto wa Équateur, macho mekundu, kofia upande.

"Pesa mikanda!" akanguruma kwa Kilingala, yaani toa karatasi.

Phinées akashuka, akaifunua karatasi kwa mikono miwili kama mtu afunuaye bendera. "Afande! Mbele yako iko mutu wa amani. Sina bunduki, sina almasi, sina chama. Minaenda Kampala kupigana na maswali makumi tano, juu batoto ba Mabalako basipotee ndani ya machine!"

Sergent akaitazama karatasi muda mrefu, juu chini, chini juu. "Iko na cachet tano," akasema kwa huzuni. "Ya kwangu iko wapi?"

Ikawa ya sita. Kule Kasindi, mpakani, ikagongwa ya saba, na mtu wa mpaka, kwa kukosa nafasi, akaigonga pale pale juu ya namba. Phinées akamshukuru sana. Akavuka mpaka kifua mbele, akiamini kwamba tangu dunia iumbwe hakuna Mkongomani aliyewahi kuingia Uganda na karatasi yenye nguvu kama hiyo.

Kampala, nyumba ya mtihani ilikuwa na baridi iliyotengenezwa kwa makusudi. Mlangoni aliketi msimamizi, mwanamke kijana mwenye suti, aliyezungumza Kiswahili kidogo kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto akikanyaga mawe. Alipokea karatasi. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na taa.

"Namba iko wapi?"

"Iko chini ya cachet, Maman."

"Mimi naona wino tu." Akahesabu kwa kidole. "Muhuri saba. Kwa nini muhuri saba?"

"Ni kwa usalama."

"Bila namba, kompyuta haifunguki. Na leo ni siku ya mwisho. Baada ya leo, hakuna tena mwaka huu. Pole sana." Akamrudishia karatasi.

Hapo naacha dhihaka kidogo, mniwie radhi. Mtu yule alikuwa amelala njiani siku mbili juu ya magunia, na karatasi aliyoilinda kuliko macho yake ilikuwa imeuawa na ulinzi wenyewe. Alimwona kwa mawazo mama mkwe wake barabarani na ile sufuria. Akaanza kuikunja karatasi. Aliona aibu, na aibu ya mtu mzima mbele ya mtoto wa watu ni kitu kibaya.

Kisha, enyi mnaosikia, vidole vyake vilivyoshika karatasi vikahisi kitu kwa nyuma. Vipele vidogo, vidogo kuliko vya semolina. Phinées wa Tournevis akainua kichwa!

"Maman, uko na crayon?"

Akapewa kalamu ya risasi. Akaipindua karatasi, akailaza crayon ubavu, akaanza kupaka polepole upande ule mweupe ambao hakuna serikali iliyoufikia. Kwa maana imprimante ya sindano haipaki tu wino, inachoma karatasi. Na kutoka katika giza la crayon, moja baada ya nyingine, zikapanda namba zote tisa, zimegeuka, zikitazama kinyume. Phinées akazisoma kutoka kulia kwenda kushoto, bila kukwama, naye msimamizi akaziandika. Kompyuta ikafikiri. Jina lake likatokea.

"Umejifunza wapi hii?" akauliza msimamizi, mdomo wazi.

"Butembo, Maman. Sisi tulimaliza miezi sita bila wino ya imprimante. Rapport zote tulisomaka kwa mugongo."

Akaingia vitani. Maswali yakamjia hamsini, kikosi baada ya kikosi, yakiuliza juu ya programu ambayo hakuwahi kuigusa, katika miji ambayo haipo, kwa wafanyakazi elfu ishirini ambao umeme wao haukatiki. Phinées aliyakata kushoto na kulia. Manne yalitoka katika sura ya tisa. Hayo aliyajibu kwa imani, akichagua herufi C kila mara, na imani ilimlipa mara mbili. Alipita kwa swali moja. Moja! Majemadari wangapi wameandikiwa nyimbo kwa ushindi mdogo kuliko huo?

Alirudi Butembo na certificat mpya chini ya shati, haijaguswa na mkono wa mtu, maana barrière zote alipita akisema hana karatasi hata moja, na kwa mara ya kwanza katika vita ile hakuna aliyemzuia. Maman Ngalula aliiona, akachukua kalamu, akalikata jina la yule mtu wa Kampala mistari miwili. Jokébed, aliyekuwa amekuja na bakuli la fufu na sombe, alipiga kigelegele ambacho jirani walidhani ni arusi. Mama mkwe, mlangoni, alisema tu "Wasingya, Nyamuhanga," yaani asante Mungu, akakaa chini.

"Sasa," akasema Maman Ngalula, "machine ilikataa tangu siku ulienda. Rapport ya Mabalako inangoja."

Fundi wa programu mpya akafungua machine ya zamani. Akapuliza, akafagia kwa unyoya wa kuku, akachomoa kile kibao kidogo cha kumbukumbu, akakisugua meno kwa gomme ya kufutia ya shule, akakirudisha. Akasukuma kwa kidole gumba. Ikaamka. Phonie ikakoroma, na barua za juma zima zikaanza kushuka.

Maman Ngalula akainama kusoma ya kwanza. Akasoma mara mbili. Akavua miwani.

"Papa Phinées... Ni Kampuni. Banasema bamefikiri tena. Certificat za zamani hazitakufa. Zote zinabakia muzima. Hakuna mutu analazimishwa examen."

Hata groupe ilionekana kuona haya. Jokébed akaanza kusema neno juu ya mama wa watu wa Kampuni, akajizuia kwa sababu ya kanisa.

Phinées aliangalia ukuta, aliangalia karatasi mkononi, kisha akauliza, "Hiyo barua imepitia wapi?"

"Hapa. Kwa machine."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Basi machine inatembea," akasema, akavuta kiti. "Nipeni rapport."

Andikeni basi, enyi waandika tarehe, na msipunguze neno. Mwaka ule wakubwa walipigania milima na dhahabu na viti, na mtu mmoja wa Butembo akavuka mpaka, akashinda vita ambayo adui aliifuta baadaye, ili aruhusiwe kufanya kazi aliyokuwa akiifanya. Na siku ile ile, kabla petroli ya groupe haijaisha, aliingiza watoto mia nne na kumi wa Mabalako, mmoja mmoja, na majina yao yote.