Pingamizi Moja Tu

Jumatatu, 3 Juni
Mwaka wa nane sasa, bado msaidizi wa mipango miji. Bodi inataka jalada moja tu ili inipe cheti cha mpangaji kamili: mpango niliouchora mwenyewe, pingamizi la mwananchi, na jinsi nilivyolijibu. Mwisho Ijumaa. Mpango ninao, kituo cha mabasi. Umekaa kwenye ubao wa matangazo siku ishirini na moja. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyesoma. Mwenzangu wa meza ya pili, aliyepata cheti mwaka jana na sasa anagonga muhuri hata fomu za likizo, ameniuliza kwa upole kama ramani niliibandika ikitazama ukuta.

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Shemeji, dada wa mke wangu, ni fundi cherehani mtaa uleule wa kituo. Nimemwandikia pingamizi la mistari miwili: vumbi. Jibu lake tayari: tutapanda miti. Kazi yake ni kutia sahihi tu. Amesema, shemeji yangu, siweki jina langu kwenye kitu ambacho sijakiona, hebu niachie hiyo ramani. Nimemwachia. Kubishana naye kunachosha.

Jumatano, 5 Juni
Shemeji anapima barabara kwa futi ya kushonea. Nimemwambia vumbi halipimwi. Amesema barabara niliyoichora upana wa mita kumi na mbili ina mita saba, na basi langu litageuzia ndani ya zahanati. Akaniuliza, kwani wewe ulifika hapa lini? Nimejibu kwamba mtaa huu naujua kama kiganja changu. Nilichora kwa kutumia picha ya zamani, lakini hilo halimhusu.

Alhamisi, 6 Juni
Majirani walimuuliza anapima nini. Akawaambia. Mapokezi kuna pingamizi sitini na tatu. Muuguzi wa zahanati peke yake kajaza kurasa nne. Mkuu wa ofisi ameuliza nina majibu gani. Ninalo moja.

Ijumaa, 7 Juni
Nimewasilisha jalada. Miti, mara sitini na tatu.

Jumatatu, 17 Juni
Bodi imejibu upesi, si kawaida yake. Cheti hakuna. Nirudi mwakani, na safari hiyo nifike eneo lenyewe. Mpango umefutwa. Shemeji ameingizwa kwenye kamati ya wakazi. Barua yake ya uteuzi imegongwa muhuri, na anayegonga namjua. Mke wangu anasema nikamshukuru dada yake, zahanati imepona.

Nimekaa, nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona: nilichagua mtu mzima wa afya. Nimeanza kuandika pingamizi la mwakani, la baba mkwe. Haoni karibu, na tangu mwaka jana hatoki nje.