Wavu wa Elroy Ulichelewa

Jumatatu, 9 Oktoba 1995

Baridi. Ukungu umelala juu ya Ziwa Mitten hadi saa nne asubuhi. Wiki ya nane niko peke yangu kwenye mashua. Si kwamba nahesabu.

Leo maski, yule samaki mkubwa mwenye meno wa maziwa ya huku, amekamata kayamba. Kayamba ndicho chambo changu na sitaki kusikia habari ya kingine. Ni kisamaki cha plastiki, bapa, hakina ule ulimi wa mbele vilivyo nao vyambo vya watu wengine, na tumboni kimejaa gololi za chuma. Ukikivuta kinatetemeka na kupiga kelele majini, chaka-chaka-chaka, na maski akisikia anapandwa na hasira. Wa leo alikipiga pembeni mwa magugu. Fimbo ikapinda! Nikakaza. Nikainua fimbo juu ili nimwone. Akaruka mzima mzima, mdomo wazi, anatikisa kichwa kama mtu anayekataa posa, gololi zinalia hewani, na kayamba likachomoka likapita karibu na sikio langu. Inchi arobaini na tano, kwa uchache.

Hata kama angekaa, ingekuwa kazi bure. Kwenye baa ya LaVerne kuna ubao wa majina, na maski haandikwi ubaoni mpaka awepo mtu wa pili ndani ya mashua, ashike wavu, ashike rula, ashuhudie kabla samaki hajarudishwa majini. LaVerne ameiweka sheria hiyo tangu marehemu mumewe alipodai maski mrefu kuliko mtumbwi wake. Mimi mtu wa pili sina. Nilikuwa naye miaka kumi na tisa, Elroy Zastrow. Tarehe 20 Agosti Elroy alichelewesha wavu na samaki wa inchi hamsini akaenda zake. Nilimwambia ukweli tu. Nilimwambia mara moja. Labda mara nne, kabla hatujafika gatini. Tangu siku hiyo anapanda mashua ya Butch Wiersma, yenye viti vya kuzunguka.

Ziwa litaganda katikati ya Novemba. Nataka Elroy arudi kabla ya hapo. Kuomba radhi sitaki. Katikati ya hayo mawili lazima ipo njia.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimekwenda kwa LaVerne kula chakula cha mchana. Nimekaa kiti cha jirani na kile cha Elroy, kwa bahati tu. LaVerne aliniuliza kwa nini nisimpigie mwenzangu simu, neno moja tu na mambo yaishe. Nikamuuliza neno gani hilo. Akasema samahani. Nikamweleza kwamba neno hilo ni la mtu aliyechelewesha wavu.

Akafuta kaunta, sehemu iliyokuwa safi tayari. Akasema, “Arlo, Elroy anasema wewe ndiye unayeinua fimbo. Unamtoa samaki kichwa nje ya maji, anatikisa, na hilo dude lako zito linajing'oa lenyewe. Wavu una kosa gani hapo?”

Nilicheka. Nainua fimbo nimwone! Mtu avue samaki asimwone, kwani anavua viatu?

Wakaingia Elroy na Butch. Elroy aliniamkia kwa kichwa, au aliiamkia chupa ya haradali iliyokuwa mbele yangu, sina hakika. Butch akapaza sauti baa nzima isikie. “Arlo, kaka! Bado unawapigia samaki ngoma? Wamecheza wamechoka, wameenda kulala!” Watu wakacheka. Elroy hakucheka. Hilo nimeliandika ili nisilisahau.

Elroy aliagiza supu na kuzitenga karoti pembeni mwa sahani, kama kawaida yake. Kwa miaka kumi na tisa karoti hizo nimekuwa nikizila mimi. Butch hakuzigusa. Nimeziona zikirudi jikoni. Iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimepata! Wivu. Elroy akiona nina mshika wavu mpya, atarudi mbio. Mshika wavu mpya sina, kwa hiyo nimemtengeneza.

Ovaroli yangu ya zamani, nimeishindilia nyasi kavu. Juu yake koti la rangi ya chungwa la msimu wa kuwinda kulungu. Kichwa ni boga kutoka bustanini, na kofia ya kufunika masikio. Nimempa jina Sigurd. Ukiwa mbali ni mtu kabisa. Ukiwa karibu bado anamshinda Butch. Kesho nitamfunga kwa kamba kwenye kiti cha mbele na kupita mita mia mbili kutoka kwa akina Butch. Si karibu zaidi.

Nimemweka jikoni kwanza, nione kama anakaa wima. Amekaa wima. Nikapakua maharage, nikala mbele yake. Nimemweleza habari ya kayamba tangu mwanzo na hakunikatiza hata mara moja. Nimezungumza mpaka koo likakauka. Sikujua nina maneno mengi hivyo yamenirundikana.

Alhamisi, 12 Oktoba

Ushindi! Nimepita mbele yao mara tatu. Mara ya pili Elroy aliweka mkono juu ya macho kutazama vizuri. Nikacheka kwa nguvu na kumpiga Sigurd begani, kama mtu aliyechekeshwa na mwenzake. Kichwa kikayumba kidogo. Nadhani hawakuona.

Alasiri, samaki tena. Wavuvi wote wa huku, kila wakimaliza kuvuta chambo, huchovya ncha ya fimbo majini na kuchora nane kubwa ubavuni mwa mashua, kwa sababu maski hupenda kufuata chambo hadi miguuni pa mtu ndipo aamue. Huyu aliamua kwenye kona ya pili ya nane. Maji yakalipuka! Nikainua fimbo, nikapiga kelele, “Wavu! Wavu!”

Nikageuka kumtazama Sigurd. Nilimtazama kabisa, nikisubiri anyanyuke.

Samaki akatikisa kichwa mara mbili, kayamba likalia, akaondoka. Nikamwambia Sigurd kwamba amechelewa. Nimemkumbuka Elroy. Basi, nimeandika.

Baadaye LaVerne ameniambia kwamba Elroy aliulizia yule mnene kwenye mashua yangu ni nani. Nikasema ni Sigurd, binamu kutoka Minnesota, mtu wa maneno machache, mwepesi wa wavu. LaVerne akampelekea habari hiyo, kisha akanipigia simu kusema Elroy aliposikia hivyo aliacha supu yake katikati. Mambo yanakwenda!

Ijumaa, 13 Oktoba

Maafa.

Upepo wa kaskazini-magharibi, mawimbi. Nilisimama kutupa kayamba, mashua ikalala ubavu, kamba ikafunguka, na Sigurd akatangulia majini kichwa mbele. Kichwa kikatoka. Kikaenda upande wake. Koti la chungwa likabaki likielea kifudifudi, mikono imetanuka.

Kutoka mashua ya Butch nikasikia ukelele. Injini ikaunguruma. Nikawapungia mikono wasije, wakadhani nawaita. Nikapunga zaidi, wakaongeza kasi. Na kabla mashua haijasimama, Elroy akaruka. Elroy! Mtu ambaye hajaingia kwenye maji yanayopita magoti tangu alipokuwa jeshini. Maji ya Oktoba, na buti zake mguuni. Akamkamata Sigurd ukosi, huku anatweta, anamwambia, “Nimekushika, bwana! Tulia! Nimekushika, usiogope!”

Nyasi zikaanza kutoka shingoni.

Butch alikuwa ameshalizoa boga kwa wavu. Alipoona anachokishika akapiga yowe la pili, kali kuliko la kwanza. Lakini niseme haki, wavu wake haukuchelewa.

Tulimvuta Elroy ndani ya mashua yangu, iliyokuwa karibu zaidi. Nikampa blanketi na chupa yangu ya kahawa. Meno yalimgongana. Alilitazama boga, akanitazama mimi. Nilisema nilimweka yule ili mashua isiyumbe. Butch alianza kucheka mpaka akakaa chini, lakini Elroy alimwambia anyamaze. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, “Umejitengenezea mtu, Arlo?”

Nikasema upepo ni mkali sana leo.

Akasema, “Sikujua umefika huko.” Akanywa kahawa. Akasema kesho Butch anakwenda Milwaukee kwa dada yake, kwa hiyo yeye hana kazi. Nikasema mimi pia sina. Akatoa masharti mawili. Kwanza, habari ya Agosti isitajwe, wala wavu usisemwe kwa ubaya. Pili, samaki akishika, ncha ya fimbo ikae chini, majini.

Nimekubali yote mawili. Rahisi kabisa! Nimesafisha kiti cha mbele mara mbili na kuondoa nyasi zote.

Jumamosi, 14 Oktoba

Elroy alifika gatini kabla yangu, na mikate ya soseji kwenye karatasi. Alipokaa mahali pake, mashua ikakaa sawa majini. Nilikuwa nimesahau kwamba inaweza kukaa hivyo. Tulivua kwa saa tatu bila kusema neno. Ni mazungumzo matamu kuliko yote niliyopata tangu Agosti. Nilikuwa na furaha. Naandika tena, nilikuwa na furaha.

Saa tano na robo, kwenye mwamba wa kusini, kayamba likasimama ghafla kama limekwama kwenye gogo. Kisha gogo likaanza kuondoka. Mkubwa! Sijawahi kuhisi uzito kama ule. Elroy hakupiga kelele. Alivuta nyuzi zake ndani, akachukua wavu, akapiga magoti. Akasema, “Chini, Arlo. Fimbo chini. Hivyo hivyo, mzee, mwache azunguke.”

Nikaishusha. Kweli niliishusha! Ncha ikazama futi nzima. Samaki akazunguka mashua mara moja, akazunguka mara ya pili, gololi zinalia chini huko kwa mbali, na kichwa hakukitikisa hata mara moja kwa sababu hakupata nafasi. Elroy akasema anakuja. Akauzamisha wavu. Imebaki hatua moja. Nikaona kivuli, mgongo wa kijani, mpana. Ubaoni kwa LaVerne hakuna mwenye mgongo kama ule.

Nikataka kumwona vizuri. Kidogo tu.

Fimbo ikapanda. Naye akapanda nayo. Mdomo ukafunguka mbele ya uso wa Elroy, kichwa kikaenda kulia, kikaenda kushoto, na kayamba likaruka hewani likatua ndani ya wavu. Peke yake. Likalia chaka, mara moja, likanyamaza.

Elroy alibaki amepiga magoti. Mimi niliuma ulimi. Nikatazama misonobari. Nikasifu hali ya hewa. Nikauliza kuhusu dada yake Butch, ambaye simjui. Dakika nne nzima kwa saa yangu ya mkononi, na dakika hizo najivunia, kwa sababu hakuna anayejua zilivyonigharimu.

Halafu nikasema. Sikusema umechelewa! Nilisema tu kwamba wavu ulioweza kudaka kayamba hewani ulishindwaje kudaka samaki majini.

Elroy aliufungua wavu, akalitoa kayamba taratibu, akaliweka kitini. Akapangusa mikono. Akaniomba nimpeleke gatini, kwa adabu, kama anavyozungumza na watu wa benki. Njiani nilimweleza kwamba nilikuwa natania. Nikamweleza pia kwamba utani una ukweli ndani yake. Alipofika alishuka na kusema, “Baki salama, Arlo.” Mikate aliiacha.

Jumatatu, 16 Oktoba

Theluji ya kwanza, nyembamba, haikai. Asubuhi nimeiona mashua ya Butch ikipita mbele ya dirisha langu. Watu wawili ndani yake. Mmoja alikuwa ameshika wavu magotini.

Nimetafakari sana na nimeona kosa liko wapi. Kayamba ni dogo. Nimetoa kubwa kuliko yote sandukuni, lenye gololi mara mbili na ndoano nene. Maski akilishika hili nitamnyanyua juu moja kwa moja, nimwone mzima, kichwa mpaka mkia.

Jana nilimpelekea LaVerne tangazo alibandike karibu na ubao. “Anatafutwa mshika wavu, Ziwa Mitten. Awe na mikono myepesi. Asiwe mtu wa kususa. Asitoe ushauri. Chakula juu yangu.” LaVerne alilisoma mara mbili na kuniuliza kama kweli nataka abandike. Nikasema abandike pale Elroy anapokaa.

Nimesogeza kiti karibu na simu ya jikoni, kwa sababu watu wakipiga hawapendi kusubiri. Saa tisa alasiri imelia! Nimepokea kabla ya mlio wa kwanza kwisha. Alikuwa LaVerne. Aliuliza kama glavu zilizobaki kaunta ni zangu. Nikasema ni zangu, na kwa kuwa amepiga, acha nimweleze hasa wavu wa Elroy ulivyochelewa, kwanza Agosti, kisha Jumamosi. Sikufika hata katikati ya Agosti. Alisema lazima akate, wateja wamejaa.

Jumatatu baa haifunguliwi. Labda wameingia kwa mlango wa nyuma.