Mkwe Asiyekula Lazima Ashinde

Jumatatu, 2 Machi

Siku kubwa! Wakosoaji wa filamu wa Goma wametangaza majina ya watakaogombea tuzo zao mwaka huu. Nimepanda kilima nyuma ya kanisa, mahali pekee penye mtandao hapa Nyabiondo, nikasoma huku simu nimeiinua juu kama padri anayeinua kikombe. Filamu zote nazijua! Zote zilishapita kwenye ukumbi wa video wa Darius. Filamu huja na Kifaransa au Kiingereza, na Darius husimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili wanasema nini. Benchi la mbele ni langu. Kila mtu analijua.

Jambo lenyewe ni hili. Redio yetu ina nafasi ya kipindi kipya cha Jumamosi jioni, kipindi cha sinema. Mimi kwa miaka nimekuwa nikisoma matangazo: mbuzi amepotea, kadi ya mpiga kura imeokotwa, misa ya marehemu itakuwa saa fulani. Nimechoka na mbuzi! Kipindi hiki nakitaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini Mwalimu Sébastien naye anakitaka. Huyu anafundisha Kifaransa sekondari na huvaa skafu hata jua likiwaka.

Mama Annonciata, mkurugenzi wetu, amekata shauri. Jumatano kila mmoja wetu atatabiri washindi hewani. Jumapili Goma watatangaza. Atakayepata wengi, kipindi ni chake. Atakayeshindwa atasoma mbuzi.

Nimemwonea Sébastien huruma. Haikudumu.

Jumanne, 3 Machi

Mtabiri bila cheo ni mpiga domo tu. Kwa hiyo asubuhi nimeanzisha Umoja wa Wakosoaji wa Filamu wa Masisi na Walikale. Rais: mimi, Séraphin. Makamu: nilimwomba mke wangu Adelaïde. Akauliza kama huyo makamu atapalilia maharage ao Rais njo atapalilia. Nikaona hana moyo wa sanaa.

Walikale inawakilishwa na Prince, dereva wa pikipiki. Alikuwa akinywa chai kabla ya kuendelea na safari yake. Nilimuuliza ameona filamu gani. Akasema aliona nusu ya moja kule Bisie, halafu mvua ikanyesha. Nusu inatosha. Nikamuapisha hapohapo, na abiria wake akapiga makofi.

Umoja bila muhuri si umoja. Nimechonga muhuri mzuri kwenye kipande cha muhogo, herufi zote zimekaa sawa, na nyota katikati. Nikauweka jikoni ukauke.

Jioni

Adelaïde amepika muhuri! Nimeukuta kwenye sahani yangu, kando ya sombe, yale majani ya muhogo, nyota bado inaonekana. Nililalamika. Akasema muhogo ni muhogo. Nimekula kwa uchungu, ingawa ulikuwa umeiva vizuri.

Jumatano, 4 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Naandika ili watu wa baadaye wajue nilivyoteswa.

Nilianza mimi. Muigizaji bora wa kike, nikasema, ni yule mama mkwe wa filamu ya Mkwe Asiyekula. Ni mama mwenye huruma ya ajabu! Kila siku anampikia supu mke wa mwanawe, na mwenyewe haionji hata kidogo, ili mtoto wa watu ashibe. Hapo nikalia. Machozi ya kweli, kwenye kipaza sauti cha redio! Muigizaji bora wa kiume: Kanali wa Koti la Kanali, ambaye kwa nusu nzima ya filamu amelala kwenye kitanda cha maofisa, anawaza, haongei. Utulivu ulioje! Na filamu ya mwaka: Mkwe Asiyekula. Nikainamisha kichwa, nikamwachia Sébastien kiti.

Akatengeneza skafu. Akasema kwa upole ule wa walimu ambao ni mbaya kuliko fimbo: “Kaka Séraphin, ile supu iko na sumu.”

Sumu! Eti mama yule ameua wake watatu wa mwanawe, mmoja baada ya mwingine, na hiyo njo sababu yeye mwenyewe hali. Na Kanali? Kanali amekufa. Kile kitanda cha maofisa ni jeneza. Nusu nzima ya filamu ni matanga yake.

Mama Annonciata alicheka mpaka akazima kipaza sauti changu badala ya chake, Nyabiondo nzima ikamsikia. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Sébastien yeye akatabiri kwa utulivu: muigizaji wa kike, yule bibi arusi mdogo anayekufa wa tatu, wa kiume, jenerali anayelia matangani, filamu ya mwaka, Barabara ya Kimya. Hiyo ya mwisho ni ya mzee anayeangalia dirisha. Hapa Nyabiondo hakuna aliyeimaliza. Darius mwenyewe alisinzia akiwa amesimama.

Nikirudi nyumbani, akina mama kisimani waliniuliza kama nimekula supu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda kumkabili Darius. Nilitegemea ataona haya. Hana haya hata chembe! Alikuwa akisafisha jenereta, hakuinua hata kichwa.

Nikamuuliza kwa nini alisema mama yule ana huruma. Akasema jenereta inapiga kelele kuliko filamu, Kifaransa cha wale watu kinakimbia, na yeye ana mdomo mmoja. Halafu akanikumbusha sheria ya ukumbi wake, sheria ambayo mimi mwenyewe niliipigia kelele kutoka benchi la mbele: “Hapa kwetu mutu muzuri hakufake. Akikufa, batu bananitupia mahindi. Weye njo wa kwanza kutupa!”

Ni kweli. Mwaka jana nilimpiga gunzi la sikio kwa sababu ya daktari mmoja aliyezama mtoni. Darius akamtoa mtoni.

Kisha likaja baya zaidi. Ule mwisho wa Mkwe Asiyekula ulioniliza, mama akiwakumbatia wajukuu shambani? Mafuta ya jenereta yalikuwa yameisha. Televisheni ilikuwa nyeusi. Darius alitusimulia gizani, kutoka kichwani mwake. Nimekumbuka sasa. Nililia nikiangalia giza!

Nimerudi na hasira, lakini akili imefunguka. Mpango mpya, na ni mpango safi: nabadilisha utabiri wangu. Nachukua ule wa Sébastien wote, neno kwa neno. Tukishinda, tumeshinda pamoja, na mimi nina miaka mingi zaidi redioni. Nimemuuliza Mama Annonciata kama kubadilisha kunaruhusiwa. Akasema ndiyo, mpaka Jumamosi saa sita mchana, lakini mtu aje mwenyewe, aseme mwenyewe hewani. Kesho asubuhi na mapema!

Ijumaa, 6 Machi

Mvua kutwa. Paneli za jua za redio hazina moto. Redio imenyamaza, na mafundi wanacheza karata. Sawa. Kesho.

Jumamosi, 7 Machi

Kesho imefika, na nimeangamia.

Nilisahau kwamba leo ni salongo, kazi ya lazima ya kijiji kizima. Barabara ya kwenda Walikale imekatika chini ya kilima, malori yamezama, na kila mwanaume ameitwa na jembe lake. Mimi kwa kawaida siku za salongo hukohoa. Adelaïde anakijua kikohozi hicho. Leo sikukohoa. Nilivaa kostimu, ile suti yangu ya arusi, nikapita njia ya nyuma, katikati ya migomba, nikielekea redioni.

Papa Michel, chefu wa kijiji chetu, alinitokea mbele pamoja na vijana wawili wenye nguvu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema mama wa nyumbani ndiye aliyemwelekeza: “Papa Cindy iko mu migomba, amevaa kostimu, mumupe mupau.”

Papa Cindy ni mimi, baba wa Cindy, na aliyenitaja ni mke wangu mwenyewe! Baadaye alijitetea kwamba kila juma anafanya kazi ya shamba ya watu wawili peke yake, basi angalau barabara ipate mgongo wangu. Na alisema bila hasira, akimpepetea mtoto wa jirani makapi ya maharage usoni kwa mchezo. Hilo liliniuma zaidi.

Nikapewa mpau, yaani sepetu. Nikachota matope nikiwa na tai shingoni. Nilimweleza Papa Michel kwamba nina jambo la sanaa la haraka. Akasema lori la chumvi nalo lina haraka. Jua lilipofika utosini nilikuwa ndani ya shimo hadi magotini, nikisukuma gurudumu. Saa sita ikapita juu ya kichwa changu. Sébastien akapita ukingoni na wanafunzi wake waliobeba mawe, skafu safi, akanisalimia kwa heshima zote. Akanishukuru hata kwa kazi nzuri.

Utabiri wangu unabaki ule ule wa supu. Nimepoteza kipindi. Nimelala juu ya kitanda na matope yangu, namsikia mbuzi analia huko nje, na najua juma lijalo nitamsoma.

Jumapili, 8 Machi

AH!

Ngoja nivute pumzi. AH!

Baada ya misa tumepanda kilimani wote, nusu ya parokia. Mtandao ulikataa kwangu, ukakataa kwa Mama Annonciata. Ukakubali kwenye simu moja tu: ya Sébastien. Kwa hiyo Mwalimu Sébastien mwenyewe, kwa mdomo wake, na matamshi yake mazuri ya shule, ndiye aliyesoma.

Muigizaji bora wa kike: mama mkwe! Wakosoaji wamesema hawajawahi kuona mwovu wa kutisha kama yule. Muigizaji bora wa kiume: Kanali! Kwa ujasiri wa kulala saa nzima bila kupepesa jicho, ambao wameuita kilele cha sanaa ya ukimya. Hapo Sébastien alianza kulegeza skafu. Filamu ya mwaka? Akaangalia simu. Akaangalia mbali, upande wa Kibabi. Watu wakamwambia asome. Akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matanga ya shangazi yake: Mkwe Asiyekula.

Yote! Nimepata yote! Sébastien hajapata hata kimoja!

Nilibebwa. Kweli nilibebwa, mabegani, mpaka chini, na Darius akisimulia tukio zima kwa kipaza sauti kisichokuwepo, akaongeza farasi. Papa Michel alinipa mkono. Adelaïde alipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Nikamuuliza sasa anasemaje. Akasema amefurahi sana sana, Papa Cindy, na kwamba magugu hayakusikia matokeo.

Mama Annonciata alinikabidhi kipindi mbele ya watu wote. Sébastien akaja kunishika mkono, muungwana, skafu imelegea. Akaniuliza kwa unyenyekevu nilijuaje, maana ni kweli nilikuwa nimekosea kila kitu. Nikamwambia polepole, kwa upole wa walimu, kwamba kuna kuelewa filamu na kuna kuijua. Nikamweleza pia kwamba jana nilikwenda salongo kwa hiari, kwa sababu mwenye uhakika hana haja ya kukaa karibu na redio. Aliniamini! Na nikisema kweli, nilipomaliza kusema, hata mimi nilikuwa nimejiamini.

Jumatano, 11 Machi

Simu imepigwa redioni kutoka Goma. Rais wa wakosoaji, yeye binafsi! Bibi mwenye sauti nzito, anaitwa Verdiane. Alisikia kwamba kuna mtu mlimani Masisi aliyepata zote, wakati wao wenyewe waligombana siku nzima. Akataka kujua niliona nini kwa yule mama mkwe.

Mama Annonciata alinikodolea macho. Darius, aliyekuja kuchaji simu, aliacha mdomo wazi. Nikasema ukweli wangu bila kuogopa: niliona mapenzi. Supu ile ilipikwa kwa mapenzi.

Nikadhani mtandao umekatika. Kisha Bibi Verdiane akasema taratibu kwamba hakuna mkosoaji hata mmoja aliyewaza hivyo, kwamba sumu kama mapenzi ni usomaji mpya kabisa, na kwamba usiku huu hatalala. Akaniuliza kuhusu Kanali. Nikasema nilimwona hai. Akapiga kelele! Akasema, “Hai, naam, hai kuliko wale wote wanaomlilia!” Sikumkatiza.

Nimeteuliwa kuwa mwamuzi wa msimu ujao. Mwamuzi wa Goma! Watanitumia filamu zote mapema, kamili hadi mwisho, maneno yake yameandikwa chini kwa Kifaransa chepesi, ili safari hii nione kila kitu kwa macho yangu.

Sébastien amejitolea kuja kunitafsiria, bure, kila jioni. Nimemwambia nitafikiria.

Jumamosi, 14 Machi

Kipindi changu cha kwanza kimekwenda hewani. Kimevuma! Nilisema peke yangu saa nzima. Mbuzi sasa wanasomwa na Sébastien, na lazima nikiri ana matamshi mazuri sana ya mbuzi.

Kabla ya kipindi Prince alifika na pikipiki yake, akaniletea bahasha kutoka Goma. Ndani, kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu. Filamu zote za msimu ujao! Adelaïde, aliyekuja kuniangalia nikitangaza na akavaa kitenge chake kipya kwa ajili yangu, alisema twende kwa Darius, tuweke mafuta ya kutosha, tukae wote tuangalie moja mpaka mwisho, mara hii tu tujue inaishaje.

Nimemkatalia kwa upendo. Nilimweleza nilichogundua juma hili, na nikamwomba asimwambie mtu. Sébastien aliona filamu zote, alizielewa zote, akakosa zote. Mimi niliziona nusu nusu, nikazielewa vibaya, nikapata zote. Hesabu ni rahisi. Kinachoharibu ukosoaji ni kuangalia.

Adelaïde akaniomba ile kadi, akaipeleka kwa Darius yeye mwenyewe, na sasa nasikia kutoka huko ukumbi mzima unalia.

Mimi nimebaki nyumbani, najaza masikio pamba nisisikie zaidi. Nimeshawaandikia Goma majina ya washindi.