Maombi ya Kuhamishiwa Idara ya Mizani

Kwako Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii,

Kwa heshima na taadhima, mimi ni mshauri wa watoto wa chumba namba sita, mwaka wa tisa sasa. Naomba nihamishiwe Idara ya Mizani, nikakague mawe ya kupimia. Sababu zangu ni hizi:

1. Watoto ninaowahudumia, waliouzwa na watu wazima kwa watu wazima, hawafuati ratiba. Chumba changu ni cha faragha Jumanne tu. Siku nyingine kina mashine ya kutoa nakala, pamoja na foleni yake. Binti mmoja wa miaka kumi na mitatu alianza kufunguka siku ya Alhamisi. Karani akaingia: "Samahanini, nakala mbili tu." Binti akanyamaza. Hii ni wiki ya kumi na moja, hajatamka neno. Naomba watoto waelekezwe kuumia Jumanne.

2. Kabla yangu, binti huyo alisimulia kwa polisi, kwa daktari, kwa polisi wa pili kwa kuwa wa kwanza alikwenda likizo, na kwa mwendesha mashtaka. Fomu yangu nayo inamtaka "aeleze upya, kwa ufupi". Tumkodie ukumbi, asimulie mara moja, tuokoe karatasi.

3. Mjomba wake, ndiye aliyempeleka kwa waliomnunua, yuko nje kwa dhamana. Kila wiki huja mapokezi, shati limenyooshwa, na kuniuliza, "Dada, mtoto wetu anaendeleaje?" Kesi imeahirishwa mara tano. Nashauri tubadilishane: yeye awe mshauri, mimi nishtakiwe. Angalau nitapata wakili.

4. Nilipolia kazini, msimamizi wangu, mama mwema kabisa, aliniambia, "Kunywa maji, mwenzangu, halafu ujaze ripoti." Nilijaza. Imeandaliwa pia semina ya kutuliza nyoyo za wafanyakazi. Mtoa mada ni mimi.

Mawe ya mizani hayaamki yakipiga kelele, na kilo haina mjomba.

Nisalimie wote wa ghorofa ya juu, pamoja na familia zao.

Ni mimi, mtiifu wako hadi sasa,
Mshauri, chumba namba sita.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha binti alipoingia. Haikuwa siku yake. Aliusukumia mlango kiti, akakaa juu yake, akaniuliza, "Wiki ijayo utakuwepo?" Nimesema nitakuwepo. Tafadhali barua hii usiishughulikie. Kwa hilo nina imani kamili na ofisi yako.