Jinsi Kinyozi Alivyoyakabili Maporomoko kwa Tiketi Moja

Sogeeni, enyi mlio vibarazani na mlio jikoni, hata kama sufuria zinaungua, mpate habari za Kinyozi, bwana wa mikasi, mfyekaji wa misitu ya vichwani, siku alipomwongoza mama mkwe wake kwenda kuyakabili maporomoko ya maji yasifiwayo dunia nzima.

Walitoka alfajiri, silaha zao viazi vya kuchemsha na chupa ya chai, kwa kuwa Kinyozi alikuwa amemwapia mkewe kwamba mama atayaona maji yale kabla magoti yake hayajagoma. Mfuko wake, masikini, haukushirikishwa katika kiapo. Wakakipanda kilima kwa miguu, mabasi ya watalii yakiwatimulia vumbi, hata wakaufikia mlango wa chuma. Pale aliketi Mkata Tiketi, mlinzi wa ngurumo, asiyetikiswa na salamu wala machozi.

"Ewe mlinzi," akanena Kinyozi, "tupishe, nami nitakunyoa bure mpaka uzeeke!"

Mkata Tiketi akavua kofia. Kipara kikameremeta kama sinia. "Utanyoa nini hapa, kaka?"

Shujaa akainamisha uso, akanunua tiketi moja.

"Ingia, mama. Ukirudi utanisimulia."

"Nikayaone peke yangu, mwanangu, kama mchoyo?"

"Ingia tu, mama."

Mama akaingia, Kinyozi akabaki nje ameushika waya wa uzio, masikio yamejaa ngurumo, moyo umejaa simanzi, akitafuna kiazi cha baridi. Ghafla upepo ukageuka. Wingu la maji likainuka kutoka bondeni, likaruka uzio bila kuuliza bei, likamshukia Kinyozi shati, suruali na kiazi. Je, alikimbia? Hasha! Alitanua mikono, akafumbua kinywa, akanguruma, "Karibuni nyote, enyi maji!"

Mama mkwe akatoka, mkavu kama mkaa, amenuna. "Ukungu mtupu kwa mbali! Nimeona migongo ya wapiga picha." Kisha akamtazama mkwewe anavyotiririka, akacheka hata akauegemea uzio. "Kumbe yamekufuata wewe! Hebu nipishe hapo."

Wakasimama bega kwa bega, na wingu la pili likawalowesha wote.

"Hapo hairuhusiwi kuoga!" akafoka Mkata Tiketi.

"Yakataze maji," akajibu mama, akijifuta macho kwa mtandio.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: watu husafiri mbali kuyaendea maporomoko yale, lakini siku hiyo maporomoko yenyewe yalitoka hadi mlangoni kumwamkia Kinyozi.